Naomba ushauri: msitu tulivu ndani ya Central Park, New York

Mama Isecheno, Kakamega
Hamjambo nyote. Mwanangu anayefanya kazi New York amenialika nikae naye mwezi mzima wa Novemba. Hapa nyumbani kila asubuhi mimi hutembea msituni upande wa Isecheno, na nahofia kushinda ghorofani peke yangu yeye akiwa kazini. Nimesikia kwamba ndani ya Central Park kuna msitu uitwao North Woods. Je, mtu mwenye goti linalouma, asiyependa umati, atauweza?

Mkaazi wa Milimani, Kisumu
Utauweza, mama, mradi usitake kuumaliza wote kwa siku moja. Ingilia upande wa magharibi, karibu na Mtaa wa 103, ambapo utakuta kidimbwi kiitwacho the Pool. Kaa hapo kwanza, upumzishe goti. Maji yake huporomoka penye daraja la mawe la Glen Span na kuwa kijito, the Loch, na njia inayokifuata ndiyo itakayokukumbusha nyumbani, kwa kuwa miti huziba majumba na sauti ya maji hufunika ile ya magari. Kijito hicho hupita chini ya daraja jingine, Huddlestone, lililojengwa miaka ya 1860 kwa majabali yaliyopangwa bila saruji, yakashikana kwa uzito wake yenyewe. Usipite bila kuyagusa.

Mpenda Ndege, Nakuru
Kwa nini asiende the Ramble, katikati ya bustani, panaposifika kwa ndege?

Mkaazi wa Milimani, Kisumu
Ni pazuri kweli, ila njia zake hupindapinda hata mwenyeji hupotea, na watu ni wengi. Bustani nzima ina ekari 843 na wageni wengi hubaki kusini, ndiyo maana ekari 40 hivi za North Woods huwa na utulivu. Mama, treni ya chini ya ardhi ina ngazi nyingi. Panda basi la M10 linalopita Central Park West.

Binti wa Bungoma
Naongeza kwamba siku nyingi za Novemba jua hutua kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo nenda asubuhi. Majani ya mboga au dawa usichume, hata ukiyatambua, kwani sheria ya bustani inakataza.

Mama Isecheno, Kakamega
Asanteni sana, wanangu. Jumamosi ya kwanza nitamwomba kijana anisindikize hadi kidimbwini, nikariri njia na kituo cha basi, kisha Jumatatu niende mwenyewe.