Shangazi Kapanda Milima

Kikundi: UKOO WA MZEE SEFU 🌿

*Alhamisi jioni*

Mwanaheri: Nimefika Lushoto salama. Huku kuna ubaridi, nimevaa sweta mbili.

Kaka Athumani: Inna lillahi. Nani kafariki?

Mwanaheri: Hakuna aliyefariki Kaka.

Kaka Athumani: Basi harusi ya nani? Mbona humu hatukuona mchango.

Zuhura: Mjomba shikamoo. Mama kaenda kutembea tu.

Kaka Athumani: Marahaba. Kutembea kwa nani? Lushoto tuna nani sisi?

Asha: Kuna yule mtoto wa bibi Tabu aliyeolewa Soni. Au walishahamia Korogwe?

Mwanaheri: Sijafikia kwa mtu. Nimefikia gesti.

Kaka Athumani: Gesti!

Hamisi: 😂😂😂 Mama leo utatuulia Mjomba

Kaka Athumani: Hamisi hilo si la kucheka. Mama yako mtu mzima, mjane, yuko gesti mji wa watu na wewe unacheka. Mlijua?

Zuhura: Tulijua Mjomba. Mimi ndiye niliyemsindikiza Mbezi stendi.

Kaka Athumani: *Ujumbe huu umefutwa*

Asha: Kaka usifute, tumeshasoma 😂

Mwanaheri: Kaka, chai yangu ikipoa nitakuandikia vizuri. Sasa hivi vidole vimekufa ganzi.

*Alhamisi usiku*

Mwanaheri: Haya. Kaka, mimi barabara ya kaskazini naijua kuliko dereva. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo. Nimeipita kwa mahari ya Hamisi Moshi. Nimeipita kwa msiba wa Same, usiku, tumesimama kwenye Noah. Nimeipita wifi alipolazwa Arusha nikaenda kumuuguza mpaka akapona. Kila safari basi linasimama Mombo, mnaambiwa mle haraka, unakimbilia chooni kanga imekuning'inia mabegani, unarudi na mahindi ya kuchoma mkononi. Ukiinua macho, milima ile pale, juu ya mabati ya vibanda. Nikawa nasema ipo siku nitashuka hapa nipande huko. Halafu honi inalia.

Mwanaheri: Sijawahi kusafiri bila mtu kufa, kuoa au kuumwa. Safari hii haina mwenyewe ila mimi.

Asha: Dada 😭

Kaka Athumani: Shemeji angekuwa hai asingekubali.

Mwanaheri: Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema na alikuwa hapendi baridi. Tulikwenda alikopenda yeye, nikafurahi. Sina kinyongo naye hata chembe. Eda nilikaa, arobaini tulisoma, mwaka ulipita na mwingine. Sasa nimestaafu, watoto wana kwao. Ulitaka nikae barazani nisubiri nini?

Hamisi: Kiinua mgongo cha serikali ndiyo hicho kimeinua mgongo na begi juu yake 😂

Kaka Athumani: Nimenyamaza.

*Ijumaa*

Rehema: Shangazi shikamoo! Leo mnakwenda wapi?

Mwanaheri: Marahaba mwanangu. Msitu wa Magamba. Jana nilikwenda ofisi ya waongozaji hapa mjini, tukakaa na kijana tukaandika kila kitu kwenye karatasi. Kiingilio cha msitu, chakula, malazi ya njiani, malipo yake. Nikasoma mstari kwa mstari, nikauliza, tukapunguziana, ndipo nikatoa hela. Nyumbani kwetu msoma mistari alikuwa marehemu, mimi kazi yangu kuweka sahihi.

Zuhura: Tuma picha Mama

Mwanaheri: 📷 Hao weusi kule juu ni mbega. Wakiruka manyoya meupe yanapepea kama kanzu la Kaka siku ya Idi.

Kaka Athumani: Mimi nimeingiaje hapo.

Asha: Si ulisema umenyamaza?

Mwanaheri: 📷 Na hili ua. Lipo kwenye jiwe lenye kivuli, dogo, ncha ya kidole inalifunika. Nisingeliona kama kijana asingeniinamisha.

Salim: Mama Mkubwa shikamoo. Eee, hilo! Mwenye nyumba wangu hapa Leipzig analo kwenye chungu dirishani. Ananigombeza kila siku nisiyamwagie maji majani yake. Na Wajerumani wanaliita kwa jina la Usambara hivyo hivyo.

Mwanaheri: Marahaba Salim. Ndilo hilo. Kijana anasema mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul, alimpelekea baba yake mbegu Ujerumani, na mwaka 1893 ua likapewa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Sasa linauzwa madukani dunia nzima. Huku kwao lenyewe lina shida, misitu ikikatwa nalo linakwisha.

Asha: Mkoloni alimtumia baba yake maua. Salim wangu toka aende hata picha ya hayo maua hajanitumia.

Salim: Mama jamani 😅

*Jumamosi*

Kaka Athumani: Mwanaheri, jana usiku hukupatikana. Nimepiga mara kibao.

Mwanaheri: Mtandao ulikata Kaka. Nililala Rangwi, kwa masista.

Kaka Athumani: Masista wa kanisa?

Mwanaheri: Ndiyo, wanapokea wasafiri. Nilipouliza kaskazini ni upande gani nipate kibla, sista akaninyooshea kidole kwenye banda la ng'ombe. Nikasali nimeelekea huko, ng'ombe wakicheua. Maji ya moto yaliletwa na ndoo, nikafua soksi, nikazianika jikoni karibu na moto. Nikala wali na maharage na kabichi.

Mwanaheri: Lakini niwaambie kitu. Mimi kwa miaka ya wodini sijui kulala. Ukiwa zamu ya usiku unajifunza kulala sikio moja liko wazi, mgonjwa akikohoa umeshasimama. Nikarudi nyumbani na sikio hilo hilo. Mtoto akigeuka, nimeamka. Marehemu alipoumwa ndiyo kabisa, hata pumzi yake ikibadilika nilikuwa naijua. Na alipoondoka nikaendelea kuamka saa nane, saa tisa, nasikiliza. Nasikiliza nani? Jana nimelala, nikaamshwa na jogoo. Nikabaki kitandani kwanza, sikuamini kwamba kumekucha.

Zuhura: Mama hukuwahi kuniambia bado unaamka usiku

Mwanaheri: Ningekuambia ungehamia kwangu na godoro. Nakujua.

Rehema: 😭😭😭

Hamisi: Magoti vipi Mama?

Mwanaheri: Magoti yapo. Kupanda ni pumzi, kushuka ndiko kwenye magoti. Kijana alitaka kunishika mkono kwenye miteremko, nikamwambia nipe fimbo. Nashuka upande upande, taratibu. Watoto wa shule wananipita wanakimbia na ndala.

Mwanaheri: Na njia nzima ni mashamba. Viazi, karoti, kabichi, mpaka kwenye kingo ambako mbuzi angesita. Akina mama wa Kisambaa wanabeba matenga kichwani kwenda gulioni Lukozi. Mmoja akanisalimia, akaniuliza, "Mama, unakwenda kwa nani?" Nikamwambia siendi kwa mtu, natembea tu. Akacheka mpaka akalishika tenga kwa mikono miwili. Kaka, una ndugu huku.

Asha: 😂😂😂😂

Kaka Athumani: Huyo mama ana akili zake.

Rehema: Baba nami nataka kwenda na Shangazi safari ijayo

Kaka Athumani: Wewe maliza chuo.

Mwanaheri: Baba yako kasema kweli, maliza chuo. Hayo mengine nitakuandikia pembeni.

Kaka Athumani: Hiyo pembeni nimeiona.

*Jumamosi usiku*

Mwanaheri: Kaka, leo kijana katusimulia habari za Mbegha. Kwao Nguu walimnyima urithi kwa kuwa ni kigego, meno ya juu yalitangulia kuota. Akachukua mikuki yake na mbwa wake akaja milima hii anawinda nguruwe. Wasambaa wakampenda kwa nyama anayowagawia.

Kaka Athumani: Nguruwe, astaghfirullah.

Kaka Athumani: Halafu akaua simba, wakampa ufalme, akakaa Vuga. Ndiyo mwanzo wa Wakilindi. Hiyo mbona Baba alikuwa akitusimulia, enzi zile anakata mkonge Korogwe. Wewe ulikuwa mdogo ukilala kabla ya simba.

Mwanaheri: Kumbe unaijua!

Kaka Athumani: Naijua. Na Mbegha aliondoka kwa sababu ndugu zake walimfukuza. Wewe nani kakufukuza?

Asha: Wee Kaka 😳

Mwanaheri: Hakuna aliyenifukuza. Ndiyo maana nauli ya kurudi ninayo mfukoni.

Kaka Athumani: Haya.

Kaka Athumani: Baba alitamani sana kuiona Vuga. Alikuwa anaitazama milima kutoka shambani chini, anatuonyesha kwa panga. Hakuwahi kupanda. Siku ya mapumziko yenyewe alikuwa akilala.

Hamisi: Hii sijawahi kuisikia Mjomba

Kaka Athumani: Hamkuuliza.

*Jumapili*

Mwanaheri: 📷 📷 📷 Mtae. Mnaona hapo nyuma yangu hakuna kitu? Ni kweli hakuna kitu. Kijiji kimejengwa kwenye ukingo, nyumba moja kushoto, nyumba moja kulia, njia katikati, halafu ardhi inaisha. Kule chini ni Mkomazi, mbuga yote bapa mpaka Kenya. Kivuli cha wingu unakiona kinavyotembea nchi kavu.

Zuhura: MAMA TOKA HAPO UKINGONI

Mwanaheri: Nimekaa, sijasimama.

Zuhura: Hata kukaa!

Salim: Kilimanjaro unaonekana?

Mwanaheri: Alfajiri tu, kabla ukungu wa joto haujapanda. Niliamka kwa ajili yake. Nikauona kichwa kidogo tu, kwa mbali, kijana akaniapia kuwa ndiwo. Nimemwamini kwa sababu nilikuwa nimeshamlipa. Ila ng'ambo kabisa, karibu zaidi, kuna Upare. Kilele cha Shengena kina zaidi ya mita 2,400 na nacho kina msitu wake.

Asha: Dada, macho yako yameshafika huko.

Mwanaheri: Nimetazama tu.

Kaka Athumani: Miguu yako ninaijua. Uliza bei ya huyo kijana kwa watu wawili.

Rehema: BABA???

Kaka Athumani: Nimesema uliza. Kuuliza si kwenda. Nataka kuiona Vuga, si huko ukingoni.

Mwanaheri: Kaka, raba unazo? Maana kwa makubazi hayo yako hufiki hata Soni.

Kaka Athumani: Raba zinanunuliwa.

Asha: Nani kaichukua simu ya Kaka 😂

Mwanaheri: Basi la kurudi Lushoto linaondoka hapa kabla ya adhana ya alfajiri, kwa hiyo leo nalala mapema. Msipige simu usiku.

Hamisi: Sawa Mama. Ila ukipita Lukozi utuchukulie viazi gunia moja, huku bei imepanda.

Asha: Na karoti za mdogo wako mpendwa. Na kabichi mbili tatu, zile ngumu.

Zuhura: Jibini ya Irente Mama, na mkate wao ule mweusi

Rehema: Mapera na pichesi 🙏

Mwanaheri: Sibebi.

Asha: Dada!

Mwanaheri: Nimebeba mizigo ya ukoo huu tangu Mombo ina kibanda kimoja. Mchele wa msiba, sufuria za harusi, dawa za kila mtu. Nimekuja na begi moja na nitashuka na begi moja.

Kaka Athumani: Hata plamu? Za Soni, pale basi linaposimama, wanazileta mpaka dirishani.

Mwanaheri: Kaka, za kula mwenyewe ndani ya basi nitanunua.