MB2 iliyoachwa kwenye gego la juu: CBCT au hadubini kwanza?

Tabibu_Kinywa: Ndugu wataalamu, nina mgonjwa ambaye gego lake la kwanza la juu lilitibiwa mzizi miaka kadhaa iliyopita, lakini bado linamuuma anapotafuna. Eksirei inaonyesha mifereji mitatu iliyojazwa vizuri, pamoja na kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi wa mbele wa upande wa shavu. Nashuku MB2, yaani mfereji wa pili wa mzizi huo, haikuguswa. Kwa kuwa mfuko wa mgonjwa ni mdogo, nianze na CBCT (eksirei ya pande tatu) au nilifungue jino chini ya hadubini?

Daktari_Pwani: Kabla ya yote mawili, piga eksirei nyingine kwa kuelekeza mashine kimshazari. Ukiona gutaperka (mpira wa kujazia mfereji) imeegemea upande mmoja wa mzizi badala ya kukaa katikati, huo upande mtupu una jambo.

Bi_Magego: Mimi ningeanza na CBCT ya eneo dogo, kwa sababu kazi ya kurudia huficha mengi zaidi ya mfereji, likiwemo tundu lililotobolewa na daktari aliyetangulia. Hata hivyo, posti ya chuma (nguzo inayowekwa ndani ya mzizi) na gutaperka huchora mistari kwenye picha, na mistari hiyo humdanganya msomaji asiye na uzoefu.

Mzee_wa_Endo: Dada, picha hukuambia kama mfereji upo, kuufikia ni kazi ya jicho na mkono. Watafiti Krasner na Rankow walieleza mwaka 2004 kwamba sakafu ya chumba cha kiini (uwazi ulio ndani ya jino) ni nyeusi kuliko kuta, na kwamba matundu ya mifereji hukaa pale sakafu inapokutana na ukuta. MB2 huwa upande wa kaakaa wa MB1 (mfereji wa kwanza wa mzizi huo), kwa kawaida umbali wa milimita 1 hadi 3, chini ya ukingo wa dentini (sehemu ngumu ya ndani ya jino). Uondoe ukingo huo kwa ncha ya ultrasoniki (kifaa kinachokwangua kwa mtetemo) bila maji, kidogo kidogo, ukielekea mbele ya jino wala si kwenye njiapanda ya mizizi. Vumbi jeupe likijikusanya kwenye mfuo, jaribu hapo kwa faili namba 8 (kifaa chembamba kama sindano cha kuingia mferejini). Ukishuka milimita 2 bila kuona kitu, simama, ndipo uagize CBCT.

Tabibu_Kinywa: Nashukuru. Hadubini sina, nina miwani ya kukuzia tu. Nitapiga eksirei ya mshazari kwanza, na ikithibitisha shaka yangu nitampa rufaa kwa mwenye hadubini.