Naomba ushauri: nina saratani ya kurithi iliyosambaa, niwaelezeje wanangu?

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Tukuyu. Ninaishi na saratani ya ovari (kiungo cha mwanamke kinachotoa mayai) ambayo imekwisha kufika kwenye ini, na vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa nimerithi hitilafu katika jeni ya BRCA1, ambayo kazi yake ni kusaidia seli kurekebisha vinasaba vilivyoharibika. Mama yangu alifariki kwa saratani ya titi, ambayo nayo huhusiana na hitilafu hii. Ukoo ulisema ni mkono wa mtu, na wapo wanaoamini hivyo hadi leo.

Daktari amenieleza kuwa kila mtoto wangu, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi hitilafu hii, ingawa kuirithi si sawa na kuugua. Binti yangu mkubwa ameposwa, na shangazi zake wananisihi ninyamaze hadi mahari ipokelewe. Mimi naona ana haki ya kujua mapema, kwa sababu anaweza kuanza uchunguzi wa matiti akiwa bado kijana. Kijana wangu naye anadhani jambo hili ni la wanawake tu, ilhali anaweza kuwarithisha wanawe.

Naomba waliopitia hali hii wanishauri namna ya kuanza mazungumzo hayo, na kama wakwe wahusishwe. Aidha, safari za Dar es Salaam zimenichosha mwili. Je, ni hospitali ipi hapa Mbeya inayotoa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, hasa mofini ya maji (dawa ya maumivu makali), kwa mgonjwa aliye nyumbani?