Dari ya mgahawa: jipsam, PVC au mbao? Nishaurini wakuu

Mpika_Mchana: Wakuu habari zenu. Nataka kubadilisha dari ya mgahawa wangu, ya sasa imechakaa. Fundi mmoja anasema jipsam, mwingine anasema piga PVC, zile za plastiki, umalize kazi, na wife yeye kashaona picha za mbao mtandaoni ndo hataki kusikia kingine. Ipi bora?

Fundi_Juu: Mkuu unauliza dawa hujasema unaumwa wapi. Kutoka sakafuni hadi juu mita ngapi? Juu kuna bati au ghorofa? Jiko liko wapi?

kibatari77: Jipsam, hakuna mjadala. Pembeni unashusha dari kidogo kama ngazi, unaficha taa humo, mwanga unatambaa tu ukutani balbu huioni. PVC inafanya ukumbi ufanane na bafu 😂

MamaLodge: Kibatari wewe hujavujiwa bado. Mimi pale mapokezi niliwekewa jipsam ya maua, nzuri kila mgeni anapiga picha, kumbe fundi hakuacha hata kimlango cha kupandia juu. Bomba la kutoa maji ya AC likaziba, maji yakawa yanajikusanya kimyakimya juu ya bodi. Likaanza doa la njano kama sahani, tukapaka rangi, likarudi, tukapaka tena (ujinga wangu huo nakiri). Jioni moja wageni wanaandikishwa ua zima likashuka kaunta puu, limelowa kama daftari lililotumbukia kwenye ndoo, mabegi ya watu yote meupe. Na kulipata tatizo ilibidi tukate dari yote. Siku hizi fundi akinionyesha michoro namuuliza kwanza, kimlango kiko wapi?

Fundi_Juu: Pole mama ila hapo kosa la fundi, siyo la jipsam. Kuna bodi za kijani zinavumilia unyevu, japo nazo ni unyevu tu, maji ya kudondoka hapana. PVC maji haiogopi, inaogopa moto, ukiiweka juu ya jiko inalegea inaota kitambi, na ikiungua moshi wake ni sumu.

Sikio_Bovu: Wote mnaongelea macho, kelele je? Dari ngumu, chini vigae, pembeni vioo, sauti inagonga inarudi, meza hii wakipaza na ile wanapaza zaidi, mteja anatoka kichwa kinamuuma hata hajui kwa nini. Weka vinavyonyonya sauti, hata zile bodi za sentimita 60 kwa 60 za maofisini.

kibatari77: Za maofisini? Mtu kaja kula au kaja kufuatilia barua yake

Sikio_Bovu: Cheka tu, utakula kwa ishara.

DotiNyeusi: Mi ningeng'oa dari yote, mabomba na kila kitu napuliza rangi nyeusi isiyong'aa, taa zinaning'inia. Kwisha.

MamaLodge: Na vumbi la juu ya mabomba linadondokea sahani ya nani? Halafu nyaya zikiwa wazi lazima zipangwe upya, usidhani ndo rahisi.

Mpika_Mchana: Asanteni sana. Urefu ni mita 2.6, juu bati, jiko liko wazi nyuma ya kaunta. Ah nilisahau, jengo ni la kupanga, mkataba umebaki miaka 2.

Fundi_Juu: MKUU!! Si ndo ungeanza na hilo. Na kwa mita 2.6 zile ngazi za kibatari zisahau, mtu mrefu atapangusa taa kwa kichwa. Nyeusi nayo ukitoa dari chini ya bati mchana mtaiva. PVC karibu na hilo jiko usithubutu.

kibatari77: Ngazi moja ya sentimita 10 pembeni tu, katikati unaacha juu. Inakaa.

DotiNyeusi: Mwenye jengo anajua lakini?

Mpika_Mchana: Bado sijamwambia. Halafu nimeongea na wife sasa hivi, kumbe mbao kashazilipia kianzio tangu juzi.

Sikio_Bovu: Fito zenye nafasi katikati au zimebanana? Kama zina nafasi, nyuma yake weka kitu kinyonye sauti. Muulize.

Mpika_Mchana: Anasema nitaona zikifika.