Mimi Mwamu nimewekewa tafsiri ya Kiswahili kwenye runinga ya Lamu!

Mwana_Langoni (mwanzisha uzi), saa 4:12 usiku

Waungwana, mikono inanitetemeka. Nimeinuka mbele ya runinga sasa hivi, chai haijapoa. Yule mtangazaji, mnamjua nyote, sina haja ya kumtaja, yule anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, amenivua nguo mbele ya mamangu, mke wangu, wanangu na mtaa mzima wa Langoni.

Wiki iliyopita si walikuja Mkunguni na makamera yao, ati wananchi tuseme yetu, hii ni runinga yenu, runinga ya jamii, njooni. Nikenda. Nimesimama juani tangu adhuhuri mpaka asiri ikaadhiniwa, punda wawili wamenikanyaga. Zamu yangu ilipofika nikasema taratibu, kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu nilicholelewa nacho: "Mtanga wa Shela ndio unaoweka mai ya mui huu." Yaani, mchanga wa Shela ndio unaohifadhi maji ya mji huu. Maneno ambayo mtoto wa miaka minne wa hapa anayaelewa. Visima vinavyotunywesha viko Shela. Mvua ikinyesha, vile vilima vya mchanga ndivyo vinavyoipokea na kuihifadhi chini. Ukiuchota mchanga, ukajenga majumba juu yake, bahari itaingia visimani na sote tutakunywa munyu. Hilo ndilo nililokwenda kulisema. Limenikaa kifuani miaka.

Leo wametoa kipindi. Nimeita watu. Mamangu kavaa leso aliyokuwa ameiweka ya Idi. Naona uso wangu, nasikia sauti yangu, mara chini ya kidevu changu yanapita maandishi ya manjano, makubwa kama jina la jahazi:

MTAMA WA SHELA NDIO UNAOWEKA MAYAI YA MWILI HUU.

Mtama! Shela pana mtama? Mayai! Mamangu kanigeukia, kaniuliza kwa upole kabisa, "Babangu, mayai gani?" Sikuwa na jibu. Niliyazungumza wapi mayai mimi?

Na kabla ya mayai, tafsiri yenyewe ya nini? Nimezaliwa hapa, babu yangu kazikwa hapa, runinga ni ya hapa, watazamaji ni wa hapa, halafu nawekewa tafsiri kama mtalii aliyeshuka kwenye ndege Manda! Yeye mwenyewe husema "hii kitu" na "hizi watoto" kila usiku, nani amemtafsiri? Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka 1858 kwa lugha hii hii ya huku, na mpaka leo wasomi wanausoma. Naye angepitishiwa mayai kidevuni? Kamati ya lugha ya 1930 ilikisanifisha Kiunguja, tukanyamaza, vitabu viwe vyao. Lakini mdomo wangu ni wangu!

Maneno yangu mengine yote wameyakata. Mahali pake wameweka punda anatafuna boksi, sekunde kumi nzima. Punda hakutafsiriwa.

Bi_Mkomani, saa 4:20 usiku

Kaka, nimeona! Wallahi nilidhani umefungua biashara ya kuku. Nikamwambia mume wangu, huyu si alikuwa fundi wa milango?

Kijana_wa_Gati, saa 4:23 usiku

Mayai ya mwili huu 😂😂😂 mzee unataga?

Nahodha_Faza, saa 4:31 usiku

Ndugu yangu, wewe angalau umeonekana. Sisi Faza mawimbi yenyewe hayafiki, tunapanda juu ya paa na waya mkononi kama wavuvi wa mishipi. Kila siku jamii, jamii, na kamera zao zinaishia Mkunguni kwa sababu pana kivuli na juisi ya ukwaju. Kizingitini si jamii? Siyu si jamii? Ndau je? Na siku watakayokuja wakisikia Kibajuni watakitafsiri kwa lugha gani, Kichina?

Mwana_Langoni, saa 4:34 usiku

Nahodha, lako ni kweli na linauma, lakini usinipotezee. MAYAI. Wameandika MAYAI. Mai ni maji. Nani katika mui huu hajui kuwa mai ni maji?

Wakili_wa_Daka, saa 4:50 usiku

Mnacheka, lakini hili lina sheria. Zisomeni kanuni za utangazaji za Kenya za 2009. Kituo kikichukua leseni ya jamii, mdhibiti wa utangazaji anaweza kukitaka kiwe na watu wa matabaka mbalimbali ya jamii katika uongozi wake, kila mwanajamii awe na nafasi ya kuhudumu humo, na wenyeji wawe na njia ya kusema wanataka vipindi gani na viendeshwe vipi. Hiyo ndiyo tofauti yake na kituo cha tajiri. Sasa niambieni, katika ile kamati ya vipindi mmemchagua nani? Mkutano ulikuwa lini? Mimi nimekwenda ofisini kwao mara tatu kuuliza, mara tatu nimeambiwa mwenye ufunguo wa kabati hayupo.

Mtu mmoja tu wa Lamu angekaa pale siku ya kukata picha, mtanga usingekuwa mtama. Mwana Langoni, andika barua ya malalamiko, iwe na tarehe na saa ya kipindi, ipeleke kituoni na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakikaa kimya, Baraza la Vyombo vya Habari lina tume yake ya malalamiko.

Kijana_wa_Gati, saa 4:52 usiku

Barua aiandike kwa Kiamu, nao waijibu kwa maandishi ya manjano.

Mvuvi_Mokowe, saa 5:05 usiku

Mimi walinikuta nashona nyavu. Nikawaeleza fidia ya wavuvi, ile shilingi bilioni 1.76 ambayo mahakama iliamuru 2018 tulipwe kwa ajili ya bandari mpya ya Lamu. Nikawaeleza mikoko, nikawaeleza mkondo uliochimbwa, nikawaonyesha mahali tulipokuwa tukivua kamba. Robo saa nimezungumza. Kwenye kipindi nikatokea nimesimama, nacheka, nasema, "Ee, alhamdulillahi." Hiyo alhamdulillahi nilikuwa nimeulizwa hali ya mke wangu aliyejifungua! Watu wakaja nyumbani kunidai, wakidhani nimelipwa.

Malindi_Damu, saa 5:11 usiku

Bora nyinyi. Huku Malindi redio yetu ikisema kipindi cha kushirikisha jamii ujue ni salamu. Fulani wa Ngomeni amsalimie fulani wa Mambrui, naye amsalimie yule wa kwanza, saa nzima inakwisha. Mwaka ule mto Sabaki ulipojaa nilipiga simu hewani kusema maji yamefika kwenye mahindi yetu, watu wa chini wahame. Mtangazaji akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Asante sana, na ungependa kuwasalimia kina nani?"

Bi_Mkomani, saa 5:13 usiku

😭😭 ukawasalimia?

Malindi_Damu, saa 5:14 usiku

Niliwasalimia. Ningefanyaje, nilikuwa hewani.

Mwana_Langoni, saa 1:40 asubuhi

Nimeamka nina hasira ile ile. Nimekwenda dukani kununua sukari robo, kijana wa duka, ambaye nimemuona akizaliwa, kaniuliza, "Mzee, leo trei ngapi?" Mnaona walilonifanyia? Nimekwenda kuutetea mchanga, nimerudi na jina. Na lile la visima hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Hata mmoja! Juzi tu nimeona mtumbwi umejaa mchanga hadi maji yanaingia.

Kuku_Hindi, saa 1:58 asubuhi

Samahani kuingilia, wadau. Mayai ya kienyeji ninayo, niko Hindi. Trei mia sita na hamsini.

Nahodha_Faza, saa 2:03 asubuhi

Mia sita na hamsini? Kuku wako wanasoma chuo?

Kuku_Hindi, saa 2:05 asubuhi

Chakula cha kuku kimepanda, nahodha. Na barabara hii, trei kumi zikitoka huku, moja hufika imepasuka.

Kijana_wa_Gati, saa 2:06 asubuhi

Walishe mtama wa Shela.

Mwana_Langoni, saa 2:07 asubuhi

Jamani, mimi nasema maji. Maji ya visima vya Shela!

Nahodha_Faza, saa 2:10 asubuhi

Mia tano na hamsini nachukua trei nne, nina harusi Ijumaa.

Kuku_Hindi, saa 2:12 asubuhi

Mia sita, mwisho. Nitazifunga kwa nyasi.

Bi_Mkomani, saa 2:15 asubuhi

Kwa mia sita na mimi niwekee mbili. Mpe mtu wa boti ya Mokowe, ntamtuma mwanangu azipokee gatini saa nne.