Waliofuga sungura: jike akizaa mliwalindaje watoto? Tupeane uzoefu

Uwani_Kwetu: Wakuu, leo mtoto wa jirani kapita na vitoto vya sungura ndani ya kofia, vyekundu, havina hata unyoya. Nikamkumbuka jike wangu wa kwanza. Alizaa usiku, asubuhi nakuta kimguu na kipande cha sikio. Kopo la maji lilikuwa limepinduka. Mliopitia haya karibuni.

Binti_Mahenge: Kiu hiyo. Jike akishazaa akakosa maji anageukia watoto.

Kauzu77: Si kiu, ni kushikwashikwa. Mama akisikia harufu ya mtu kwenye mtoto, basi tena.

Mzee_wa_Banda: Kauzu acha kutisha watu. Mimi nakagua kiota kila asubuhi, natoa waliokufa, na mama ananiangalia tu. Kama una wasiwasi, jisugue mikono na nyasi za kiota kwanza. Wanaokula watoto, wengi wao ni wale wa uzao wa kwanza, au waliotishwa na mbwa na makelele.

Kauzu77: Wewe sungura wako wamesoma.

Mama_Tukuyu: Nyie mnabishania harufu, mimi mmenikumbusha siafu. Ilikuwa masika, nakaa kwa wakwe. Jike kajinyofoa manyoya ya kifuani, katandika kiota kizuri mno. Usiku nasikia anapigapiga miguu kwenye mbao. Mama mkwe ananiambia lala, sungura ndivyo walivyo. Moyo ukakataa. Natoka na tochi, mguu mmoja wa banda mweusi tii, na ule weusi unatembea! Jike kajibana kona ya mbali, siafu wameshafika kwenye boksi. Nikalibeba hivyo hivyo nikakimbilia sebuleni. Nafika, wameshapanda mapajani. Jamani, nilivua kitenge mbele ya baba mkwe. Vitoto tuliwachomoa siafu mmoja mmoja kwa kibanio cha nyusi. Unavuta, kiwiliwili kinakatika, kichwa kinabaki kimeng'ata ngozi. Walipona watatu. Tangu hapo kila mguu wa banda umesimama ndani ya kopo la oili chafu.

Binti_Mahenge: Kitenge mbele ya nani???

Kauzu77: Baba mkwe alisemaje? Usituache hivyo.

Mama_Tukuyu: Aligeukia ukutani akaanza Salamu Maria.

Mgeni_Bandani: 😂 Samahani, turudi kwa sungura. Wangu kazaa jana, kutwa sijamwona akinyonyesha. Niwape maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano?

Kauzu77: Wape, mimi niliwapa.

Mzee_wa_Banda: Na wangapi walikua?

Kauzu77: Hilo ni swali lingine.

Mzee_wa_Banda: Sungura hanyonyeshi kutwa kama mbuzi. Mara moja au mbili kwa siku, usiku au alfajiri, dakika chache tu kamaliza. Angalia matumbo: yakituna wameshiba, ngozi ikijikunja hawajapata. Ukiwa na jike mwingine aliyezaa siku hizo hizo, mpe awalelee. Na dume asikae humo, atampanda leo leo.

Uwani_Kwetu: Boksi nalo liwekwe mapema. Mimba ni kama siku 31, kwa hiyo siku ya 28 liwe ndani na nyasi kavu.

Kauzu77: Akirudia kula watoto, rosti.

Binti_Mahenge: Huyu mtu atolewe.

Mgeni_Bandani: Nimechungulia alfajiri, matumbo yamejaa! Ila mmoja haonekani.

Mzee_wa_Banda: Angalia chini ya banda. Wengine wanang'ang'ania chuchu, mama akiruka kutoka kwenye boksi wanadondoka njiani.

Mgeni_Bandani: Yupo! Wa baridi kabisa, ila anatikisika.

Mzee_wa_Banda: Usimrudishe akiwa hivyo. Mpashe joto kwanza, kisha mchomeke katikati ya wenzake.

Mama_Tukuyu: Ndani ya sidiria, hakuna joto kama hilo.

Mgeni_Bandani: Mama, mimi ni mwanaume.

Kauzu77: Mpelekee baba mkwe.