Waliipa albamu ya kwanza ya Jay-Z maiki nne, leo wanataka tuamini zilikuwa tano tangu mwanzo

Wakuu, hili limenikaa kooni muda mrefu na leo nalitema.

Kila mjadala wa albamu za kwanza za marapa ukianza, hakosekani wa kuturushia kwamba Reasonable Doubt, ile ya kwanza ya Jay-Z, ilipewa maiki tano, yaani alama za juu kabisa, na jarida la The Source, kana kwamba ndivyo ilivyokuwa ilipotoka. Sivyo! Albamu ile ilitoka tarehe 25 Juni 1996, na jarida hilo, ambalo enzi zile neno lake katika hip hop lilikuwa hukumu, liliipa nne. Tano zilikuja miaka mingi baadaye, Jay-Z akiwa tayari amekaa kitini na kumsifu hakumgharimu mtu chochote.

Nne si tusi, na mchambuzi ana haki ya kusikia anavyosikia. Kinachonichefua ni kufuta ubao halafu kusimama mbele yake kama uliandika sawasawa tangu asubuhi.

Kumbukeni hali ya jamaa. Ana miaka 26, lebo kubwa zimempita, mpaka yeye na Damon Dash na Kareem Burke wakaanzisha Roc-A-Fella yao wenyewe. Mtu wa namna hiyo hana fungu la kujitangaza kama wenzake, kwa hiyo kila sifa ya jarida kubwa inamfaa siku hiyo hiyo. Albamu ikaishia namba 23 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, na wiki moja tu baada ya kutoka, rapa mwenzake Nas akaachia albamu yake ya pili iliyopanda hadi namba moja. Kama kulikuwa na wakati wa kumshika mkono, ni pale.

Na wale wanaosema ilikuwa michapo ya pesa na unga tu, hivi waliisikiliza? Rudini wimbo wa D'Evils, biti ya DJ Premier. Rafiki wa utotoni amegeuka adui, na msimulizi anamteka mama wa mtoto wa rafiki huyo ili aseme mwenzake alikojificha. Humo hamna ushujaa hata chembe, ni mtu anayekueleza jinsi tamaa ilivyomla utu. Kisha albamu inafungwa na Regrets. Muuza unga aliyekuja kujisifu hawezi kufunga na majuto! Tena anachana kwa sauti ya chini, kama anayezungumza nawe mezani, mstari mmoja unabeba maana mbili na ya pili unaipata baada ya kurudia mara nyingi. Kazi kama hiyo huwezi kuimaliza kwa kuisikiliza haraka haraka ili uwahi kupeleka makala kwa mhariri.

Msiniletee habari za mauzo pia. Illmatic ya Nas, 1994, jarida lile lile liliipa tano papo hapo, halafu ikauza kwa kusuasua na cheti cha dhahabu cha mauzo ikaja kukipata 1996, mwaka ule ule Reasonable Doubt ilipopata chake. Ingekuwa mauzo ndiyo mizani, maksi zingegeuzwa kichwa chini. Lakini waliompa Nas tano walijitosa akiwa kijana wa miaka 20 mwenye albamu moja mkononi, na kwa hilo nawavulia kofia mpaka kesho. Walikuwa na uwezo wa kusikia. Ndiyo maana hizi nyingine zinauma.

Maana si Jay-Z peke yake. The Chronic ya Dr. Dre ilianza na nne na nusu. Ready to Die ya Biggie, nne na nusu. Zote zikaja kupandishwa hadi tano, na ya Biggie ilipopandishwa mwenyewe alikuwa ameshauawa, tangu Machi 1997. Alizihitaji akiwa hai!

Kubadili mawazo ni sawa kabisa, badilisheni. Ila hukumu ya kwanza ibaki hapo hapo ilipoandikwa, na ya pili iwekwe chini yake pamoja na sababu: mmesikia nini ambacho hamkukisikia 1996? Na nyinyi mnaozibandika zile tano kila wiki kumaliza ubishi, wekeni na mwaka zilipotolewa.